Maumivu ya Tumbo Yasilipwe Hongo

Wazee wa Unyamwezi, kwa masimulizi waliyoachiwa na wazee wao, wanajua kwamba msafara uliotoka Bagamoyo kuja Tabora haukupita bure. Ulipofika Ugogo, kila mtawala alidai hongo yake: nguo, shanga, ama waya. Aliyelipa aliruhusiwa kuteka maji na kuendelea na safari. Lakini siku chache baadaye alifika kwa mtawala mwingine, akadaiwa upya kana kwamba hajawahi kulipa chochote. Upande wa magharibi mambo hayakuwa mepesi zaidi. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji, na wafanyabiashara wa Tabora walioshindwa kuelewana naye wakajikuta vitani. Hongo ilimnunulia msafiri amani ya siku moja. Njia yenyewe haikupata kuinunua.

Habari hiyo ya kale imenijia akilini kwa sababu ya kapsuli ndogo inayouzwa leo katika kila mji wa njia ile ile, tangu Mpwapwa mpaka Ujiji. Ni dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo, na wengi wetu tunaifahamu kwa jina la omeprazoli. Simama asubuhi karibu na stendi ya mabasi yoyote ya mkoa wa Tabora, mbele ya duka la dawa, nawe utasikia maneno haya: "Nipe zile za tumbo." Muuzaji huchukua mkasi, akakata kapsuli nne kutoka katika karatasi yake, akapokea fedha, na biashara ikaisha. Hakuna aliyeuliza ni tumbo gani, linauma tangu lini, wala mnunuzi anatumia dawa gani nyingine. Hakuna aliyesema zimezwe saa ngapi, kwa siku ngapi. Mnunuzi amelipa hongo yake ya siku nne. Siku ya tano atarudi.

Nisidhaniwe kuwa nawabeza wanunuzi hao. Mjomba wangu, mkulima wa Uyui, alikuwa mmoja wao. Magoti yalimsumbua kwa muda mrefu, akawa anameza diklofenaki alizonunua mwenyewe ili aweze kushika jembe. Baada ya muda tumbo likaanza kumwaka moto. Akashauriwa dukani atumie kapsuli za tumbo, naye akapata nafuu. Basi akaendelea na zote mbili, dawa ya magoti na dawa ya tumbo, pengine akikosa hii na pengine akikosa ile, kadiri mfuko ulivyomruhusu. Hali hiyo ilidumu karibu miaka miwili. Siku moja alipata choo cheusi kama lami, akaona kizunguzungu, akaanguka uani. Tulipomfikisha hospitali alikuwa amepoteza damu nyingi, na ilibidi aongezewe ya watu wengine. Daktari alipouliza historia yake, alitikisa kichwa na kusema: "Mzee, ulikuwa unawasha moto kwa mkono mmoja na kuuzima kwa mkono wa pili." Mjomba alipona. Lakini katika miaka ile miwili alikuwa amenunua dawa mara nyingi sana, na hakuna hata mara moja aliyoulizwa swali lile lililoulizwa na daktari.

DAWA IMEFIKA, MAARIFA YAMEBAKI NJIANI

Katika zama za misafara balaa kubwa ilikuwa ni kukosa dawa. Januari 1867 watu wawili walimtoroka Dk. Livingstone, wakatoweka na sanduku lake la dawa pamoja na kwinini yake. Naye aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyekwisha hukumiwa kufa. Mwaka 1872 alikaa miezi kadhaa Kwihara, kando ya Tabora, katika tembe ambalo sasa ni makumbusho, akingojea wapagazi na mahitaji kutoka pwani. Mei 1873 alifariki Chitambo, katika Zambia ya leo, akiwa ameteswa na homa, kuhara na kutoka damu, na mwili wake ukabebwa na akina Chuma na Susi kupitia Unyanyembe mpaka Bagamoyo.

Leo mambo yamegeuka. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na barabara zilizojengwa baada ya Uhuru zimeleta dawa mpaka Kaliua, Sikonge na Igunga. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, hupeleka dawa katika zahanati ambazo babu zetu wasingeweza hata kuziota. Haya ni maendeleo ya kweli, na asiyeyakiri hana shukrani. Balaa ya zama zetu ni ya namna nyingine: dawa imefika peke yake, na maarifa ya kuitumia yamebaki njiani.

Hebu basi tuyatafute maarifa hayo. Tumbo la mtu mzima hutoa kila siku majimaji yapatayo lita moja na nusu hadi mbili, nayo yana tindikali kali. Tindikali hiyo haikuwekwa pale kututesa. Husaidia kuyeyusha chakula, hasa nyama, maharage na karanga, na huua vijidudu vingi tunavyovimeza pamoja na maji na chakula. Mateso huanza ama pale inapopanda kooni, ndicho kiungulia, ama pale ngozi laini ya ndani ya tumbo inapodhoofishwa na tindikali ikaichimba, ndivyo vidonda vya tumbo.

Dawa za kuikabili ziko za aina tatu. Ya kwanza ni vile vidonge vyeupe vya kutafuna vyenye magnesiamu au alumini, ambavyo huipoza tindikali iliyokwisha toka. Nafuu yake huja upesi na kuondoka upesi. Ya pili ni dawa kama simetidini, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1976, Dk. James Black, mmoja wa walioigundua, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ya tatu, na yenye nguvu kuliko zote, ni omeprazoli na ndugu zake, iliyoingia sokoni mwaka huo huo wa 1988. Hizi hufunga mitambo midogo iliyomo katika kuta za tumbo inayosukuma tindikali nje. Kabla ya dawa hizi kupatikana, wagonjwa wengi wa vidonda hawakuwa na tumaini lingine ila kisu cha mpasuaji. Kwa hiyo hatuzungumzii dawa mbaya. Tunazungumzia dawa njema inayotumiwa vibaya.

ADUI MWENYEWE NI NANI

Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba vidonda vya tumbo huletwa na njaa, pilipili na mawazo mengi. Mwaka 1982 madaktari wawili wa mji wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walimtambua bakteria aishiye ndani ya tumbo, ambaye sasa anaitwa Helicobacter pylori. Wakubwa wa taaluma hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe maji yenye bakteria hao, akaugua uvimbe wa tumbo, na hivyo akaonyesha kuwa alilosema lilikuwa kweli. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Leo inafahamika kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria huyo, na sehemu kubwa ya vilivyobaki husababishwa na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Tumbaku, zao ambalo Urambo inalijua vizuri kuliko wilaya nyingi, huongeza hatari kwa anayeivuta na kuchelewesha kidonda kupona. Pilipili na njaa huweza kuchokoza maumivu, lakini si mzizi wa ugonjwa. Maziwa nayo hutuliza kidogo, kisha hulichochea tumbo litoe tindikali zaidi.

Hapa ndipo mfano wa hongo unapopata maana yake. Mtu mwenye bakteria akimeza omeprazoli peke yake, maumivu hupungua na kidonda huweza hata kufunga. Lakini bakteria amebaki, na dawa ikikoma kidonda hurudi. Tiba yake halisi ni dawa ya tindikali ikiandamana na viuavijasumu viwili au zaidi, kwa kawaida kwa siku 14, bila kuruka dozi. Mgonjwa anayeacha siku ya tano kwa sababu amepata nafuu humfundisha bakteria namna ya kuzishinda dawa hizo, na hasara yake humfikia jirani pia.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Kipimo cha kinyesi cha kumtafuta bakteria huyo huweza kudanganya ikiwa mgonjwa amekuwa akimeza omeprazoli, kwa maana dawa humpunguza bakteria bila kummaliza. Mtu anapaswa kuacha dawa hiyo wiki mbili kabla ya kipimo, na viuavijasumu wiki nne kabla, baada ya kushauriana na daktari wake. Hivyo yule anayejitibu dukani kila siku, akaenda kupimwa na kuambiwa hana kitu, pengine amefichwa ugonjwa wake na dawa yake mwenyewe. Na si bakteria pekee anayeweza kufichwa hivyo. Saratani ya tumbo inaweza kutulizwa maumivu yake kwa miezi, wakati ambapo kila mwezi mmoja una thamani kubwa.

NAMNA YA KUITUMIA

Mwenye kuandikiwa dawa hii azingatie mambo haya.

Kwanza, omeprazoli na ndugu zake humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na kwa wengi wakati wake ni kabla ya kifungua kinywa. Ile mitambo ya tindikali huamka mtu anapokula, na dawa hukamata mitambo iliyoamka. Anayeimeza usiku akiwa ameshiba michembe au ugali, kisha akalala, hupoteza sehemu ya faida yake.

Pili, kapsuli imezwe nzima, kwa maji. Isitafunwe, wala chembechembe zake zisisagwe. Chembe hizo zimevishwa ganda la kuzikinga, kwa kuwa tindikali ile ile ya tumbo huiharibu dawa kabla haijafanya kazi. Nguvu yake kamili huhitaji siku kadhaa. Asiyeona nafuu siku ya kwanza asiongeze dozi kwa shauri lake mwenyewe.

Tatu, dawa hii ina mwisho. Kwa magonjwa mengi muda wake ni wiki nne hadi nane. Wapo wanaohitaji kuitumia kwa muda mrefu, kama vile wenye kiungulia kikali kilichoharibu koo la chakula, au wanaolazimika kutumia aspirini kwa ajili ya moyo huku wakiwa wamewahi kutokwa damu tumboni. Hao wasiiache kwa kusoma makala ya gazeti. Wamwulize daktari wao. Lakini wengine wote wajue siku ya kumaliza tangu siku ya kuanza.

Nne, anayeacha ghafla baada ya kuitumia kwa miezi mingi huweza kupata kiungulia kikali kuliko kile cha mwanzo, kwani tumbo lililofungwa kwa muda hufunguka kwa kishindo. Wengi hudhani ugonjwa umerudi, wakakimbilia dukani tena, na mzunguko ukaanza upya. Hali hiyo kwa kawaida hupita baada ya majuma machache, na mhudumu wa afya anaweza kuelekeza namna ya kupunguza dawa polepole.

Tano, dawa hizi hugombana na nyingine. Omeprazoli huweza kupunguza nguvu ya klopidogreli wanayopewa wagonjwa wa moyo, na kuongeza nguvu ya dawa fulani za kifafa na za kuzuia damu kuganda. Vile vidonge vya kutafuna navyo si vya mchezo: magnesiamu na alumini huishika dolutegraviri, dawa inayotumiwa na watu wengi nchini wanaoishi na virusi vya UKIMWI, isiingie mwilini vizuri. Dolutegraviri imezwe saa mbili kabla ya vidonge hivyo, au saa sita baada yake. Basi mgonjwa ataje dawa zake zote, hata zile anazoona haya kuzitaja, na anayezisikia azihifadhi kama amana.

Sita, anayebaki na ranitidini za zamani kabatini asizitumie kabla ya kumwuliza mfamasia. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka ranitidini zote ziondolewe sokoni, baada ya kugunduliwa kuwa kemikali inayodhaniwa kuleta saratani huweza kuongezeka ndani yake kadiri inavyokaa, hasa mahali penye joto. Na kabati la bati la Tabora katika mwezi wa Oktoba si mahali pa baridi.

Mwisho, ziko dalili zisizongoja duka: kutapika damu au kitu mfano wa unga wa kahawa, choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni, kutapika kusikokoma. Mwenye kuona mojawapo aende hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo maumivu ya kifua yanayobana na kushuka mkononi yasiitwe kiungulia. Huenda ni moyo.

TINDIKALI NI MLINZI

Nilisema tindikali huua vijidudu. Anayeipunguza kwa muda mrefu bila sababu humwondoa mlinzi mlangoni. Watu wa namna hiyo hushikwa kwa urahisi zaidi na magonjwa ya kuhara, na kipindupindu kimo. Njia yetu hii inakijua kipindupindu. Dk. James Christie, aliyekuwa tabibu Unguja wakati wa janga la 1869 na 1870, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1876 kuonyesha jinsi ugonjwa huo ulivyotembea pamoja na misafara ya biashara. Karne moja na nusu baadaye, mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara. Pale ambapo maji ya kunywa bado hayajawa salama kwa kila kaya, kumwondoa mlinzi huyo bila amri ya daktari ni kujitakia hasara. Matumizi ya miaka mingi yamehusishwa pia na upungufu wa magnesiamu na vitamini B12 mwilini, na kuvunjika mifupa kwa wazee.

WAJIBU NI WA NANI

Itasemwa kwamba mwananchi ajilaumu mwenyewe. Sikubaliani. Mkulima aliye kilomita nyingi kutoka zahanati, ambaye akienda atapoteza siku nzima ya palizi, na akifika huenda akakuta kipimo hakipo, amechagua duka kwa hesabu ya haki kabisa. Hatutamwondoa dukani kwa hotuba. Tutamwondoa kwa kuisogeza zahanati, na kulifanya duka lenyewe liwe mahali pa kupata maarifa.

Kwa ajili hiyo, napendekeza mambo manne. Kipimo cha kinyesi cha bakteria wa vidonda, ambacho hakihitaji mitambo mikubwa, kipatikane katika kila kituo cha afya cha mkoa, ili wanaopelekwa Kitete, au Bugando kule Mwanza, kuchunguzwa kwa mpira wenye kamera, wawe wale tu wanaohitaji kweli. Dawa inayohitaji cheti itolewe kwa cheti. Sheria zipo, na Baraza la Famasia lipo, kinachotakiwa ni kuzisimamia bila kuonea wala kupendelea. Kila bahasha ya dawa iandikwe kwa Kiswahili mambo matatu: imezwe saa ngapi, kwa siku ngapi, na iachwe lini. Na kila muuzaji, kabla ya kushika mkasi, aulize maswali mawili: "Unatumia dawa gani nyingine?" na "Umeona damu au choo cheusi?" Maswali hayo hayagharimu hata senti moja. Yangemwokoa mjomba wangu chupa za damu.

Wapo watakaosema elimu ya namna hii ni ngumu kwa wananchi wa vijijini. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakulima wa nchi hii walikusanyika kwa vikundi chini ya miembe, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufukia madimbwi kwa mikono yao. Watu walioelewa safari ya mbu na ya minyoo hawawezi kushindwa kuelewa safari ya kapsuli moja. Redio zipo, na leo ziko nyingi zaidi, vikundi vipo, miembe ya Tabora nayo ingalipo.

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mmoja wa wanaonunua kapsuli nne kila wiki, zikate hesabu: umelipa mara ngapi, na umefika wapi? Nenda ukapimwe. Ukikutwa na bakteria, maliza siku zako 14 bila kuruka hata moja. Ukiambiwa ni dawa ya magoti inayokuumiza, omba nyingine. Wapagazi wa zamani walivumilia hongo kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kufika Tabora. Sisi tunayo.